Neno Hili Lisiguswe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kuna runinga katika chumba cha mapumziko. Imewekwa juu ya meza yangu.

Naandika tena ili niamini. Juu ya meza yangu, ile ya dirishani, ambapo kwa miaka kumi na mmoja nimecheza mchezo wa herufi kila siku saa saba mchana. Seti niliikata mwenyewe kutoka mabaki ya majalada: vipande mia moja na ishirini, A peke yake ishirini na mbili, maana lugha yetu haiwezi kupiga hatua bila A. Leo nimeikuta sakafuni, ndani ya boksi la gundi.

Runinga ni ya Mama Gundi, mkuu wa idara ya kujalidi vitabu. Ameitoa nyumbani kwake. Nilimuuliza sababu. Akasema kwa upole kwamba sababu naijua.

Naijua. Ijumaa iliyopita alipanga neno SAPRAIZI. Vipande saba kwa mpigo, kupitia A iliyokuwapo ubaoni, Z ikakaa kwenye kisanduku cha kuzidisha mara tatu. Angenishinda. Nikafungua kamusi yangu, nikaifunga, nikamwambia hakuna neno kama hilo, kuna mshangao. Kamusi yenyewe ni ya zamani kidogo, lakini ina karibu kurasa zake zote. Mama Gundi alikusanya vipande vyake, akaosha kikombe, akasema, "Sawa, mzee wangu. Kama hilo si neno, sisi tutatafuta kingine cha kufanya saa saba." Nilidhani anatania.

Chumba kina soketi moja, nayo iko nyuma ya meza. Ni meza au runinga, vyote viwili havienei. Meneja hapendi kelele. Ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo wafanyakazi wote ishirini na watatu tutapiga kura kumchagua mwangalizi wa chumba cha mapumziko, na kile atakachoamua mwangalizi ndicho kitakachokaa dirishani. Wagombea ni wawili: Mama Gundi na mimi.

Nimekuwa msomaji wa prufu, zile nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda hiki cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita. Nimesahihisha wabunge, maprofesa na mshairi mmoja aliyelia. Siwezi kushindwa na mtu anayesema "hichi".


Jumanne, tarehe 4 Machi

Msimu wa mabango ya uchaguzi. Mitambo yote miwili inatapika nyuso za wanasiasa tangu asubuhi. Kila mgombea anaahidi maji. Mmoja kaahidi maji mara mbili katika sentensi moja. Nikafuta ya pili, na wakala wake akaja kulalamika kwamba nimeipunguza ilani ya chama. Mwingine kapigwa picha ameshika simu huku akitazama mbali, kama mtu aliyesahau alikuwa anampigia nani.

Maoni yangu kuhusu siasa ni mafupi. Vyama vyote vina tatizo moja: viambishi.

Nimepata mpango. Kinachowavuta watu kwenye runinga ni tamthilia moja ya kutafsiriwa, yenye vipindi mia nne, inayomhusu nesi aliyepoteza kumbukumbu. Kazini wanaangalia marudio saa saba. Kipindi chenyewe huoneshwa jioni ya kuamkia siku hiyo, na mke wangu hakikosi. Basi nitakuwa nakiangalia naye, kisha kabla ya saa saba nitawatangazia kila kitakachotokea. Nani atakaa kungoja siri anayoijua? Runinga itabaki inajitazama yenyewe.

Mke wangu alishtuka nilipoketi karibu naye. Akaniuliza kama kuna msiba.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Maoni yangu kuhusu tamthilia: upuuzi mtupu. Nesi analia, mlango unafunguka, muziki, mtu amesimama mlangoni, kipindi kimekwisha. Mtu mzima huwezi kufanyiwa hivyo. Aliyesimama mlangoni ni nani? Mke wangu alisema ningoje kesho. Nilimwambia sina haja. Nilimuuliza tena wakati wa kula, na mara moja nyingine akiwa anafunga dirisha.

Saa sita na nusu nilisimama katikati ya chumba cha mapumziko na kutangaza, kwa sauti ya kusomea prufu, kwamba nesi amegundua tajiri ana pacha.

Mtunza stoo, ambaye ni rafiki yangu na ambaye nilitegemea aondoke kwa kuchukia, akavuta kiti. Aliuliza pacha ni wa kuzaliwa au wa kutengenezwa. Mhasibu akauliza nesi alilia kwa sauti au machozi matupu. Sikupenda swali likae bila jibu kamili. Niliwasimulia kipindi chote, pamoja na muziki.

Saa saba wote walibaki kuhakikisha kama nimesimulia sawasawa. Nilihesabu vichwa kumi na nane. Jana vilikuwa tisa. Mama Gundi alinishukuru kwa kuileta idara ya mitambo.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilibadilisha mbinu. Leo niliwadanganya. Niliwaambia nesi anafariki, na ni kifo kibaya, tena cha kizembe. Nilitaka wakate tamaa.

Walikuja na leso. Waliketi kimya kama watu walio mahakamani. Nesi hakufariki, alikumbuka jina lake. Furaha iliyolipuka ilimfanya meneja ashuke ngazi kuuliza kama mtambo namba mbili umepata ajali. Fundi wa mtambo alinikumbatia, akasema hajawahi kufurahia kipindi kama leo, na lazima kesho niwadanganye tena.

Nina mafuta ya mtambo kwenye shati. Meza yangu imefunikwa kitambaa chenye maua, ili runinga isikwaruzike.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mvua. Hakuna mpango. Nesi amekubali kuolewa na yule pacha asiyemfaa. Sikuweza kumaliza chakula.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu alinifumba macho kwa kanga na kuniongoza hadi sebuleni. Alikuwa amenishonea mfuko mpya wa vipande vya herufi, kutoka suruali yangu ya harusi, kwa siri, wiki nzima. Ule wa zamani ulikuwa umetoboka, na U mbili zimepotea. Nilifurahi sana. Nilitaka kuandika hapa kwamba nimepata… nimepata mshangao wa kufurahisha ulioandaliwa kwa siri na mtu anayekupenda. Sentensi ni ndefu mno. Lazima liwepo neno moja fupi la jambo hilo. Nimelitafuta saa nzima halinijii.

Baadaye aliniuliza swali. "Baba watoto, hebu niambie kweli. Unachokitaka ni meza, au unataka tu uwe umepatia?" Nilimjibu kwamba hivyo ni kitu kimoja. Akatikisa kichwa na kuongeza sauti ya runinga.

Lakini niliendelea kufikiri. Ninaposoma prufu, karatasi huja bila mtu na huondoka bila mtu. Nikiweka nukta mahali pake, hakuna anayejua. Kiwanda kizima wananiita Mzee Nukta, na sidhani kama wananisifu. Ila pale mezani saa saba, nikifungua kamusi, watu huinua macho na kunitazama usoni. Wangine hushikilia pumzi. Meza ikienda, nitakuwa nakula mkate wangu stoo, katikati ya marundo ya karatasi.

(Nimeandika "wangine". Sahihi ni "wengine". Naliacha kosa hilo hapo juu liwe onyo kwa nafsi yangu.)


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama Gundi alikuja chumbani kwangu na vikombe viwili vya chai. Nilijua ni hila, nikanywa.

Alisema, "Mzee wangu, tusitazamane vibaya kwa ajili ya herufi nane. Likubali tu neno langu. Runinga naibeba leo leo naipeleka nyumbani, na wanangu watanishukuru."

Hapo hapo. Meza yote, dirisha lote, amani yote, kwa neno moja. Nakiri kwamba nilimeza mate. Kisha nikamweleza kwamba leo nikikubali sapraizi, kesho atakuja mtu na tenshen, na kesho kutwa tutakuwa tunapanga sauti za kuku. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hilo ndilo jibu langu. Nikasema ndilo.

"Haya. Lakini hichi kikombe ni changu, ukimaliza unirudishie."

Hichi. Alifanya makusudi, nilimwona akicheka mlangoni.

Sasa ni vita vya kistaarabu. Nimeamua kutoa bango. Wanasiasa wote wananipitia mimi. Je, mimi nishindwe kujipitia mwenyewe? Fundi wa mtambo amekubali kulichapa kwenye vipande vinavyokatwa pembeni mwa mabango ya yule mgombea wa simu. Maneno niliyaandika jioni wakati wa tamthilia, ili nisipoteze muda. Yule pacha ametoroka na pete.


Jumanne, tarehe 11 Machi

Prufu ya bango langu ililetwa na binti wa kompyuta, yule anayepanga kurasa. Ana watoto wawili na miwani, lakini kwangu bado ni binti.

Nilikaa nayo dakika arobaini. Niliuona mkato baada ya "mkinichagua" umekaa mbali na neno kwa unene wa unywele. Nikauzungushia duara. Ukarudi bado uko mbali. Nikauzungushia tena. Mara ya tatu ulikaa kama unavyostahili. Hiyo ndiyo kazi. Watu hawajui kwamba uchaguzi hushindwa kwa mkato.

Na tazama vijana wa siku hizi. Binti aliweka alama ya kuuliza kwa penseli pembeni mwa neno langu moja. Kwangu mimi. Aliniuliza tena kwa mdomo, huku akikuna shingo: "Shikamoo mzee. Hapa… una uhakika ndivyo ulivyotaka kusema?" Nilimwambia nilianza kusahihisha kabla yeye hajazaliwa. Kisha nikaandika kwa wino mwekundu, kando ya neno lenyewe: Neno hili lisiguswe. Najua ninachosema. Nikatia sahihi.


Jumatano, tarehe 12 Machi

Mabango yamebandikwa: mlangoni, stoo, kwenye mtambo namba moja, na moja kwenye choo cha wanawake, ambalo alilibandika mhasibu kwa hiari yake.

Mafanikio makubwa kuliko nilivyotarajia. Watu wanasimama wanasoma hadi mwisho. Wengine wanaita wenzao. Idara ya kujalidi walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na naamini ni kicheko cha watu waliopata matumaini. Fundi wa mtambo analisoma kwa sauti kila anapopita.

Mlinzi wa getini alinipigia saluti na kuniuliza, "Mzee, utaanza na nani?" Nilifurahi kwamba hata yeye anafuatilia sera. Nikamwambia sitambagua mtu, nitawachukua kwa zamu, wanawake kwa wanaume, na wazee nitawapa muda zaidi. Akasema yeye mgongo unamsumbua. Nikamwahidi nitamzingatia.

Mhasibu alinijulisha kwamba ana mume. Nilimwambia na yeye aje, mradi aje saa saba.


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Sitaki kujisifu. Naona tu kwamba leo kila niliposalimia, watu walijibu wakitabasamu, jambo ambalo halijatokea tangu niliposahihisha kadi ya harusi ya meneja baada ya harusi.

Mtunza stoo alijaribu kuniambia jambo mara mbili. Nilimwambia aliweke mpaka baada ya ushindi.


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, kama ilivyotokea.

Saa saba, wote ishirini na watatu katika chumba cha mapumziko. Runinga imezimwa kwa heshima. Meneja akatupa kila mgombea dakika tatu. Mama Gundi alitumia nusu dakika: alisema chumba ni cha wote na asiyeona vizuri akae mbele. Akaketi.

Nikasimama. Nilianza kwa historia ya irabu. Nilikuwa dakika ya pili mtunza stoo aliponivuta mkono, akaninong'oneza, "Nukta, kabla hujamaliza, lisome bango lako. Lisome kama la mtu mwingine."

Lilikuwa ukutani, mbele yangu. Nikalisoma kama la mtu mwingine.

MCHEZO NI LUGHA. LUGHA NI SISI. MKINICHAGUA, NITAWATUMIA WOTE BILA UBAGUZI, KILA SIKU SAA SABA MCHANA.

Nilikusudia nitawatumikia. Silabi moja, KI, haikuwapo. Nikakumbuka swali la mlinzi. Nikakumbuka mgongo wake. Nikamkumbuka mume wa mhasibu.

Mtu mwingine angeketi. Mimi niliona mara moja kilichotokea: hujuma. Nikamnyooshea kidole Mama Gundi mbele ya watu wote, nikasema idara yake imening'oa silabi, na nikadai prufu iletwe, tena sasa hivi, ili aliyefanya uovu huu ajulikane.

Binti wa kompyuta alisema, "Mzee, tuache tu." Nilisema haiachwi. Alikwenda akaileta. Meneja akavaa miwani. Akasoma kwanza neno, kisha alama ya kuuliza ya penseli, kisha wino mwekundu, kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma wosia: "Neno hili lisiguswe. Najua ninachosema." Akageuza karatasi wote waone sahihi yangu. Ni sahihi nzuri. Ina nukta.

Hata mkato nilioupigania ulionekana vizuri kutoka nyuma ya chumba.

Walicheka kwa muda ambao tamthilia ingefika nusu. Mama Gundi peke yake hakucheka sana. Alimimina maji kwenye gilasi akaniletea, akasema ninywe kwanza.

Kura zikapigwa. Mama Gundi ishirini. Mimi mbili. Moja imeharibika.

Kura iliyoharibika ni yangu. Karatasi ilikuwa imeandikwa "mwangalizi wa chumba cha kupumzikia" wakati tangazo la awali lilisema "cha mapumziko". Nisingeweza kulipitisha jambo hilo. Nililisahihisha kwa wino mwekundu, na nikaweka duara. Meneja alisema karatasi ina alama nyingi kuliko inavyoruhusiwa.

Katika kura zangu mbili, moja ni ya mtunza stoo. Ya pili sikuijua, mpaka nilipokuwa nakusanya vipande vyangu kwenye mfuko wa suruali ya harusi, Mama Gundi akapita na kusema, "Nilikupigia wewe, mzee wangu. Nilijua huna watu." Kisha akaniomba kamusi yangu kwa siku mbili. Sikuwa na nguvu ya kumnyima.


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Asubuhi nilikuta mambo mawili.

La kwanza: tangazo la mwangalizi mpya. Runinga itakaa dirishani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne na Alhamisi itatolewa, meza ni ya mchezo wa herufi, na mwamuzi ni Mzee Nukta. Hakuna sharti lolote. Chini yake watu saba walikuwa wameshaandika kwamba watacheza kesho, akiwamo mlinzi.

La pili lilikuwa juu ya dawati langu: kamusi yangu, imejalidiwa upya. Uti mpya, jalada gumu, hata utepe wa kushikia ukurasa. Ndani aliweka kikaratasi. Aliandika kwamba wakati wa kuishona aligundua kamusi haina kurasa kutoka "sabuni" mpaka "shaba", na inaelekea hazijakuwapo kwa miaka mingi. Mahali pake ameshonea karatasi nne tupu, ili nijaze mwenyewe. Juu ya ya kwanza ameandika neno moja tu, kwa mwandiko mzuri: sapraizi.

Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kumwandikia mke wangu ujumbe kueleza nilichopata, nikarudi kwenye ile sentensi ndefu ya Jumapili, nikaiacha.

Kisha nikachukua wino mwekundu, nikalikata neno lake, nikaandika juu: mshangao.

Na hapo nikaelewa maana ya yote haya. Mtu hakurudishii siku mbili kati ya tano bila kuogopa kitu. Mama Gundi anajua kwamba uchaguzi haukuwa halali. Nimechunguza sarufi usiku na mchana: "nitawatumia" ni pia kauli ya kutendea ya "tuma", yaani nitawapelekea vitu, kwa hiyo bango langu halikuwa na kosa. Lilikuwa limewatangulia wasomaji wake. Nimemwandikia meneja rufaa ya kurasa sita, nikidai kura irudiwe kwa siku zote tano.

Na safari hii siachi nafasi ya hujuma. Bango jipya nimeliandika mwenyewe jioni hii, wakati nesi akimtafuta mtoto wake bandarini, nikalipiga picha na kuituma kwa simu kwa binti wa kompyuta. Fupi, lenye nguvu, lenye maumivu ya watu ndani yake: WAFANYAKAZI WENZANGU, NIMERUDI. SAFARI HII NIMEKUJA KUWAKOMBA NYOTE.

Kukomboa watu ni kazi nzito, lakini mtu ataifanya.

Prufu imerudi sasa hivi. Binti ameweka alama ya kuuliza pembeni, tena mbili. Nimeshika wino mwekundu. Neno hili lisiguswe.